Ufunguo Mmoja wa Tanuri la Mama Maghanga

Kaeni mkao wa kula, maana hadithi hii ni ya keki, na nikifika mwisho nitawakabidhi nyinyi kisu ili mkate wenyewe. Mtoto asikilize, mkubwa asikilize, na mwenye Masters naye asikilize, kwani ana haraka ya kwenda ofisi gani?

Huko Wundanyi, milimani Taita, ambako ukungu huingia jikoni bila kubisha hodi, palikuwa na ploti yenye bomba moja la maji na wapangaji watatu, kila mmoja na kipawa chake.

Wa kwanza ni Mghoi. Kipawa chake kilikuwa kujua kwa nini. Kwa nini maziwa huchacha, kwa nini bati hupata kutu, kwa nini sabuni hukataa kutoa povu kwenye maji ya kisima. Alikuwa na digrii ya kemia, picha ya graduation ukutani, na juu ya kabati rundo la barua zilizoanza kwa maneno yaleyale: We regret. "Wanajutia nini hawa?" alikuwa akiuliza. "Mtu anayejuta kikweli huja nyumbani na kuku mkononi." Aliambiwa hana experience. Akaomba kazi ya kumpa hiyo experience, akaambiwa amesoma kupita kiasi. Basi ulimi wake ukawa wembe, na ploti nzima ikajifunza kupita mbali nao asubuhi.

Wa pili ni Nyambu, fundi wa mabati. Kipawa chake kilikuwa mkono. Ungempa debe kuukuu saa ya chai, ukiweka kikombe chini amekutengenezea karai. Na moto alikuwa akiusoma kwa kiganja. Akikipitisha juu ya jiko anakwambia makaa haya yataivisha maharagwe au yatakuaibisha mbele ya wageni. Shida yake ilikuwa plastiki. Watu walianza kununua ndoo za plastiki, na nyundo ya Nyambu ikaanza kushinda imelala.

Wa tatu ni Mkamburi, muuza viungo sokoni. Kipawa chake kilikuwa pua. Angepita nje ya dirisha lako aseme, "Mama, huo mchuzi unalilia tangawizi," na ukionja, kweli unalilia. Lakini viungo vyake alivitandaza chini juu ya gunia, na mvua ya Wundanyi haimwombi mtu ruhusa. Mara ngapi iliki yake ilioza kabla ya kupata mnunuzi!

Sasa, mjini hapo palikuwa na bekari ya Mama Maghanga, yenye tanuri la matofali lililolisha watu mandazi na mikate tangu wazazi wao wakiwa shule. Magoti ya mama yakachoka. Siku moja ya soko akapanda juu ya kreti ya soda na kutangaza:

"Ninastaafu! Jumamosi ijayo, mwenye kuweza aniletee keki ndefu za kawaida, za umbo la mkate, ladha tatu tofauti. Sitaki maua, sitaki krimu. Soko zima litaonja. Atakayeshinda namvika ufunguo huu shingoni, na jina lake linaandikwa juu ya mlango."

"Na wakiwa wawili, mama?" mtu akauliza.

"Wawili nilishawapa! Binamu, damu moja. Wakagombana, mmoja akaondoka na mlango wa tanuri, mwingine akabaki na tundu. Huo mlango niliukuta Mwatate, umekuwa geti la banda la mbuzi. Ufunguo mmoja, shingo moja. Mmenisikia?"

Walimsikia. Na aliyemsikia vizuri kuliko wote alikuwa mpwa wake, Mwakio, aliyekuwa mpishi katika hoteli huko pwani. Akapanda mlima na aproni nyeupe na kofia ndefu, akaomba kutumia tanuri lenyewe la shangazi yake. "Mimi ni professional," akawaambia watu wa soko. "Hawa wengine wachemshe viazi."

Mghoi aliyasikia hayo akiwa kwenye foleni ya unga. Akafunga macho. Aliwahi kusikia sauti ya namna hiyo katika kila intavyuu, ikitoka upande wa pili wa meza. Akajiapia: huu ufunguo ni wangu.

Usichojua ni kwamba Nyambu naye alikuwa ameshajiapia vivyo hivyo, na Mkamburi vivyo hivyo. Siku hiyo ploti moja ikawasha majiko matatu.

Mghoi alipima kila kitu kama yuko maabara. Keki yake ya limau ikaumuka vizuri, ikasimama wima. Lakini chini iliungua nyeusi ti, juu ikabaki uji, na ile sehemu ya katikati iliyoponea ilikuwa na ladha ya karatasi. Mkamburi alionja, akatafuta pa kutema kwa heshima.

Nyambu alikunja debe la mafuta ya kupikia likawa mkebe mrefu wenye kona kali. Akatandaza mchanga ndani ya sufuria kubwa, akaweka mkebe juu ya mchanga, akafunika, na makaa mengine akayapanga juu ya kifuniko. Keki yake ya ndizi ikaiva sawasawa kila upande, rangi ya udongo wa Taita. Lakini katikati ilizama, ikawa kama kitanda cha mtu mnene. Na ladha? Ndizi alizotumia zilikuwa bado za kupigia mchuzi.

Mkamburi alichoma malenge kwenye majivu, akatwanga tangawizi na iliki, na harufu ikawatoa watu ndani ya nyumba zao. Majirani walikuja na vikombe vya chai tayari mkononi. Alipofunua sufuria, palikuwa na shimo juu, masizi chini, na unga mbichi kati yake. Majirani wakarudi na chai yao.

Wakabaki watatu uani, kila mmoja na aibu yake ndani ya sufuria.

"Yako imezama kwa nini na yangu haikuzama?" Mghoi akamuuliza Nyambu. "Uliweka beking pauda kiasi gani?"

"Kama paketi inavyosema."

Mghoi akacheka, kicheko cha kwanza tangu wiki hiyo ianze. "Paketi iliandikwa na mtu wa bondeni! Huku juu hewa ni nyepesi, haikandamizi sana. Povu la keki linafura haraka mno, linapasuka kabla unga haujashika. Huku pauda unaipunguza. Mimi niliipunguza."

"Na wewe," Nyambu akajibu, "na digrii yako yote, umeweka keki juu ya moto kama unachoma mahindi."

"Na nyinyi wote," Mkamburi akaingilia, "mmepika kitu ambacho mbuzi wa Mwatate angekirudisha. Dada Mghoi, limau ulilikamua ukatupa ganda? Harufu ya limau inakaa kwenye ganda, aki! Na wewe kaka, ndizi ya keki inangojwa mpaka ngozi iwe nyeusi, mpaka uone aibu kuwapa wageni."

Kisha Mghoi akasema kile ambacho kila mmoja alikuwa anakimeza. "Sote watatu tukienda kila mtu na yake, yule wa kofia ndefu anachukua ufunguo akipiga mluzi."

"Tukienda pamoja?" Nyambu akauliza. "Mama alisema shingo moja."

"Tushinde kwanza," akasema Mghoi. "Ya shingo tutaongea baadaye."

Jamani, hilo neno baadaye!

Jumamosi ikafika, na kila mmoja akafanya lake.

Mghoi akapima. Akapunguza pauda, akaongeza maziwa kidogo kwa sababu hewa ya mlimani hukausha unga, akawakataza wote kufunua kifuniko kabla hajasema. Nyambu alipotaka kuchungulia, alipigwa mwiko wa vidole. Unga ukapanda taratibu, ukashika, ukabaki juu. Bila Mghoi, zingekuwa mashimo matatu.

Nyambu akaoka. Akatengeneza mikebe mitatu inayofanana, akachekecha mchanga, akawa anahamisha kaa moja juu, kaa moja chini, kiganja hewani kama mtu anayebariki ndoa. Upepo ulipogeuka, alisimamisha bati kuuzuia, na moto hata haukujua kwamba upepo ulipita. Akachomeka njiti ya ufagio katika kila keki, ikatoka kavu. Bila Nyambu, zingekuwa masizi na uji.

Mkamburi akatia roho. Akakwangua ganda la limau, akalisugua ndani ya sukari mpaka sukari ikawa ya manjano na uani pakanukia bustani. Akaponda ndizi zenye ngozi nyeusi pamoja na iliki aliyoitwanga papo hapo. Malenge akayachoma ganda likiwa bado juu, ili utamu usikimbilie kwenye maji, akayapa tangawizi kidogo tu, ya kukohoza mtu kwa adabu. Bila Mkamburi, zingekuwa sponji za kuoshea vyombo.

Wakazipeleka sokoni zimefunikwa kwa kitambaa cha meza cha Mkamburi.

Mwakio alikuwa ameshafika. Keki zake tatu zilikuwa zimesimama juu ya sahani za kioo, na ingawa shangazi alisema hataki krimu, kila moja ilikuwa imejaa krimu juu, nyeupe kama wingu. Watu wakapiga makofi. Mghoi akaitazama ile krimu, akahisi kitu kikimtekenya kifuani. Kwa nini mtu aweke krimu aliyokatazwa? Akajua. Lo, akajua!

"Mama," akasema kwa sauti ya upole iliyowatia Nyambu na Mkamburi wasiwasi, "keki ya mpwa wako mbona haina mgongo? Hebu toa hiyo blanketi tuone aliyelala."

"Ni style ya hoteli!" Mwakio akaja juu.

Mama Maghanga hakubishana. Alichukua kisu, akakwangua krimu, kikaenda, kikaenda, kikazidi kwenda, hadi soko zima likaanza kucheka. Chini ya wingu palikuwa na shimo ambalo kuku angetagia. Resipi ya pwani, tanuri la mlimani. Keki zote tatu, mashimo yote matatu.

"Mwanangu," mama akamwambia, "umezaliwa huku huku juu. Mlima umekusahau au wewe ndiye umeusahau?"

Mwakio akavua kofia. Tumpe haki yake: alicheka mwenyewe, akasogea mbele kuonja za wenzake.

Kitambaa kikafunuliwa. Keki tatu ndefu, migongo juu, zimepasuka mstari mmoja katikati kama keki zinavyopaswa kupasuka. Kisu kikaingia. Ya limau ikatoa harufu iliyofika kwa wauza viatu. Ya ndizi ikakatika bila kumwaga hata chembe. Ya malenge, bibi mmoja aliikata vipande viwili, kimoja akala, kingine akakificha ndani ya leso akidhani hakuna anayemwona. Watu wakala wamesimama. Waliokuja kununua sukuma wakasahau sukuma. Muuza nyama akafunga bucha. Hata Mwakio alirudi mara ya pili, akarudi tena, akasema, "Manze, hii ni noma. Nani kaoka hii?"

Soko likaanza kupiga vigelegele. Mkamburi akarushwa juu, Nyambu akarushwa juu, Mghoi akarushwa juu huku akipiga kelele kwamba wamshushe, ana digrii. Kwa mara ya kwanza watu wengi hivyo walikuwa wameonja, wamepima kazi yake, na wakasema ndiyo. Hakuna aliyejuta. Alitamani zile ofisi zote zilizomwandikia barua zingekuwa pale, zipewe kipande, na wakitaka cha pili waambiwe nafasi imejazwa.

Kisha Mama Maghanga akaomba chai, akakaa kwenye kreti yake, akautoa ufunguo kifuani.

"Nani kaoka?" akauliza.

"Sisi," wakajibu watatu.

"Sisi haina shingo."

Nyambu akasema, "Mama, ningeondoa mkono wangu, zingekuwa uji. Na kazi ya mabati imekufa, unaona mwenyewe."

Mkamburi akasema, "Watu hawakula mkebe, mama, walikula ladha. Na mimi nimechoka kuuza chini, mvua ikininyeshea."

Mghoi akafungua kinywa kusema lake, na mama akamwinulia kidole.

"Wewe nimekusikia mbele ya soko zima, ulivyojua kilicho chini ya krimu. Wewe ndiye unayejua kwa nini. Basi leo utaniambia nani, na kwa nini. Taja jina moja. Ukitaja lako, sitakukatalia. Nitauvika shingo hiyo, na hakuna atakayeuvua. Lakini nikimaliza chai hii bila jina, ninafunga bekari, na ufunguo ninautupa chooni."

Mghoi akageuka. Nyambu alikuwa akimtazama, masizi bado kwenye kope. Mkamburi alikuwa akimtazama, vidole vya manjano kwa ganda la limau. Na hapo ndipo alipogundua alipokaa: upande wa pili wa meza. Ule ule. Akitaja jina lake, anapata kazi aliyoisomea, aliyoilia, anayoistahili, na anawaandikia jirani zake wawili We regret. Akitaja la mwenzake, barua ya kwanza anajiandikia mwenyewe. Na kila jina kati ya yale matatu lilikuwa haki, na kila jina lilikuwa dhuluma.

Mama akapiga funda. Akapiga lingine. Sasa chini ya kikombe limebaki moja, pamoja na majani ya chai.

Haya, wasikilizaji wangu, kisu hicho nawaachia. Mmeonja keki zote, mmeona kila mkono ulipopita. Mghoi amefungua kinywa. Ungekuwa wewe ndiye yeye, ungeuvika ufunguo shingo gani? Na wale wawili wanaobaki, ungewatazama usoni uwaambie nini?