Vidole vya Wazee

Mwenyekiti Mwakalinga alikuwa ameuongoza ushirika wetu wa maziwa miaka kumi na minne. Mwaka ule akatangaza kwamba kura hazitapigwa tena kituoni, nyuma ya pazia. Zitapigwa kwa simu.

"Kila mwanachama apigie kura hapa uani kwangu, nimsaidie," alisema. "Pilau itakuwepo."

Bi Atuganile, mfugaji wa ng'ombe watatu na mpinzani wake pekee, akanyoosha mkono.

"Sawa, Mwenyekiti. Ila wazee wetu vidole vinatetemeka. Atakayebonyeza vibaya aruhusiwe kubadili kura yake hadi saa kumi na mbili jioni."

Mwenyekiti aliwafikiria wale watakaothubutu kubonyeza jina la Atuganile mbele yake, akakubali haraka.

Siku ya kura alikagua kioo cha kila simu. Wanachama wote mia mbili na kumi, Atuganile akiwemo, walimpigia yeye kura, wakala pilau, wakanawa, wakaaga.

Saa kumi na mbili wakarudi uani, matokeo yakasomwa. Mwenyekiti alikuwa na kura moja.

"Nani amechezea mitambo?" alifoka.

"Hakuna," alisema Bi Atuganile. "Watu walikosea kubonyeza hapa kwako. Walipofika nyumbani vidole vikatulia, wakarekebisha."