Kombe la Bwawa na Mfupa wa Shemeji

Mwaka ambao vuli ilikataa kunyesha, nyika nzima ilibakiwa na bwawa moja tu la kunywa maji, na hilo nalo lilikuwa likipungua. Kila alfajiri ilikuwa vurugu. Waliotangulia walikunywa, waliochelewa walilamba tope. Fisi, kwa sababu ya kuzurura akitafuta mizoga, alichelewa siku zote, na watoto wake wakalamba tope siku zote.

"Baba watoto," mkewe alimwambia, "yule mdogo hata kulia hawezi tena, koo limemkauka. Utakaa hivyo hivyo mpaka lini?"

Fisi ana sifa zake mbaya, na tutazifikia, lakini watoto wake aliwapenda. Siku hiyo aliumia kweli.

Simba naye alichoshwa na kelele za bwawani, akaitisha mkutano. Hapo alikuwepo Korongo, ambaye kila mwaka huja kutoka Ulaya kukimbia baridi, na huwa hana hadithi fupi.

"Kule Italia," alisema, "kuna kombe la mtoano. Timu kubwa zimo, ndogo zimo. Ukifungwa, unafunga virago, hakuna kubembelezana. Ila timu kubwa haziingii mwanzoni. Zinakaa pembeni, wadogo watoane jasho kwanza, ndipo zinaingia."

"Hapo hasa pamenipendeza," Simba akasema. "Nasi tutafanya hivyo. Mimi nitaingia nusu fainali. Ukoo wa mshindi utatangulia bwawani kila asubuhi mpaka mvua inyeshe."

Korongo akawa mwamuzi. Kipyenga hakikuwepo, na ndege huyo hana sauti ya maana, basi alipotaka kusimamisha mchezo aligonganisha mdomo wake mrefu: ka-ka-ka-ka! Sheria ikatangazwa kwamba atakayesikia mlio huo asimame palepale.

Fisi alirudi nyumbani kichwa chini. Angemfunga nani, yeye na miguu yake hiyo ya nyuma mifupi? Mlangoni alikuwa amejilaza Shemeji, kaka wa mkewe, ambaye alikuja kusalimia wakati wa masika na hajakumbuka kuondoka. Alikuwa akitafuna mfupa mkavu. Ka-ka-ka-ka! Fisi alisimama palepale, mguu mmoja hewani. Kisha akaelewa, akaangua kicheko mpaka akakaa chini.

Mechi ya kwanza timu ya Fisi ilikutana na ya Ngiri. Ngiri aliwapiga chenga mabeki, akabaki na golikipa peke yake. Mara kichakani, nyuma ya goli la Fisi, ka-ka-ka-ka! Ngiri, mwenye adabu zake, akasimama mkia juu. Fisi akauchukua mpira, akaenda nao mpaka upande wa pili, akafunga.

"Mwamuzi, si umesimamisha mchezo?" Ngiri akalalamika.

"Mimi sijagonga mdomo," Korongo alijibu. "Bao halali."

Pundamilia akatolewa vivyo hivyo, akiapa kwamba masikio yake ni mazima. Kwenye nusu fainali Simba akaingia, ametoka kulala, manyoya yamechanwa. Alikuwa na mpira mbele ya goli tupu aliposikia ka-ka-ka-ka. Hakusimama tu, aliinua kidevu ili umma uone jinsi mfalme anavyoheshimu sheria. Alipokishusha, alikuwa amefungwa. Akaondoka bila kumpa mtu mkono.

Fainali ikawa kati ya Fisi na timu ya wadogo: Sungura nahodha, Kobe golini, mbele Nguchiro, Kanga na wenzao. Fisi aliwatazama akaona ameshamaliza kazi. Asubuhi alimwambia mkewe, "Kesho watoto hawatakunywa tu, wataoga."

Uwanjani Sungura akamsogelea. "Shikamoo, nahodha."

"Marahaba, kitoweo."

"Simwoni shemeji yako leo."

"Ana mafua," Fisi akasema haraka.

"Maskini. Mpe pole."

Mchezo ulipoanza, mafisi waliwasukuma wadogo huku na huku, na wadogo hawakulifikia goli la Fisi hata kwa bahati mbaya. Shemeji hakuhitajika. Mwishoni Fisi alimpiga kikumbo Kobe, Kobe akabingirika akalala chali, miguu ikipapasa hewa. Goli likawa wazi. Ilibaki kugusa tu mpira.

Ndipo ikasikika kutoka mbali nyuma yake: ka-ka-ka. Fisi hakushtuka, alijua si Korongo. Lakini mlio wenyewe haukuwa wa mfupa mkavu. Ulikuwa na majimaji, na kila baada ya ka-ka kulikuja mfyonzo mrefu. Upepo ukaleta harufu. Uboho! Tena wa mnyama mkubwa.

"Funga kwanza," Fisi alijiambia. Akamkumbuka mtoto wake mdogo aliyekauka koo, akainua mguu. Mate yakamdondokea juu ya mpira. Kule nyuma mfyonzo ukazidi kasi, kama wa mtu anayekaribia kumaliza.

"Shemeji!" Fisi akapiga ukelele. "Nibakishie!"

Akageuka. Timu yake nzima ilikuwa imeshageuka kabla yake. Walikatiza uwanja mbio ambazo hawakuwahi kuzikimbia tangu kombe lianze, wakapita katikati ya goli lao wenyewe, wakajitupa kichakani. Sungura alifuata nyuma na mpira, taratibu, akausukuma ndani kwa pua.

Korongo akagonga mdomo kumaliza mchezo: ka-ka-ka-ka! Kichaka kikamjibu: ka-ka-ka-ka! Akaenda akafunua majani, na kila mtu akaona mafisi wamerundikana juu ya Shemeji.

"Kumbe!" Ngiri akasema.

"Masikio haya si mapambo," Sungura akaeleza. "Kwenye nusu fainali nilisikia mlio unatoka kichakani. Jana nikamwomba Bwana Simba mfupa mzuri, leo asubuhi nikamwachia Shemeji hapo."

Simba alikuwa akitazama mawingu yasiyokuwepo. "Nilimpa wa paja," akasema.

Hukumu haikuchukua muda. Wadogo watangulie bwawani, Fisi awe wa mwisho kabisa. Mke wa Fisi akaanza kulia, watoto wamemshika mkia. Sungura akamwangalia kidogo.

"Watoto hawakucheza mechi," alisema. "Waje wanywe na wangu. Baba na mjomba wao ndio wasubiri tope."

Kesho yake mke wa Fisi alitoka majini, watoto wamelowa mpaka masikio na yule mdogo anapiga kelele za furaha. Akamkuta Fisi ameinama kwenye ukingo wa bwawa, ulimi umejaa udongo.

"Haya, baba watoto," alisema. "Maji ya mwaka mzima umeyatupa. Angalau niambie, huo uboho ulikuwa mtamu?"

Fisi akameza alichokuwa nacho mdomoni.

"Sikuonja," akasema. "Nilipofika, Shemeji alikuwa ameshaumaliza."