Asemaye Sina Hapati Mbia

Asemaye sina hapati mbia. Asubuhi ya leo mmewasikia walimu wenu watano wakiitamka kwa mpigo, tena kwa kicheko, pale mwenzenu aliposimama kusema kwamba chama cha wanafunzi hakina cha kuwaandikia wenzao wa ng'ambo. Naona mmeudhika kidogo, kisha mkaona heri mje kuuliza ilikotoka. Msihangaike kuitafuta katika vitabu vya methali, kwa maana haijafikisha umri wa kuingia humo. Ilizaliwa hapa hapa Chuo Kikuu cha Ikumbilo, ndani ya chumba cha Seneti, na wengi wa waliokuwapo siku ile bado wana meno yao yote. Ilianza na mtu mmoja aliyekuwa na adabu kupita kiasi.

Mtu huyo ni Dokta Anyitike Mwaisumo, ambaye wakati huo alikuwa mkuu wa Idara ya Sayansi ya Ardhi. Alikuwa msomi wa kweli, lakini kabla ya kulelewa na shule alilelewa na mama yake, na malezi ya mama hayafutiki. Kwao mgeni akipiga hodi aliambiwa, "Karibu, ila hatuna kitu," na maneno hayo yalisemwa wakati jogoo ameshakamatwa. Mgeni naye alijibu kwamba hakuja kula, kisha akaketi vizuri kusubiri. Kila mtu alielewa. Anyitike akaibeba adabu hiyo mpaka kazini. Ukimsifu suti, alisema ni ya zamani. Ukimsifu mhadhara, alisema alikuwa anabahatisha tu.

Idara yake ilikuwa ndogo ajabu: wanafunzi tisa, wahadhiri wawili na fundi sanifu mmoja wa maabara. Mwezi wa Januari Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Tumpale Kasebele, mama mwenye maneno machache, alimwita ofisini na kumweleza bila kuzunguka. Ikiwa hadi kikao cha Seneti cha mwezi Juni idara haitakuwa na mradi wenye ufadhili, itavunjwa. Wanafunzi watapelekwa Jiografia, na jengo litageuzwa ofisi.

Anyitike alitoka mle akautazama mlima. Chuo chetu, kama mnavyokiona, kimekaa chini ya Mlima Ikumbilo, na mlima huu hautulii. Alipokuwa darasa la tano kipande chake kiliporomoka wakati wa masika na kufukia nyumba sita za kitongoji chao. Ndiyo sababu alisomea udongo wakati wenzake wanasomea sheria. Idara ikifa, hakutakuwa na mtu mwingine huku milimani ambaye kazi yake ni kuutazama mlima. Jambo hilo lilimkosesha raha kuliko cheo chenyewe.

Basi, Mungu si Athumani. Mwezi uliofuata likatoka tangazo la mfuko mmoja wa kimataifa uliofadhili ubia wa vyuo vikuu. Masharti yake yalikuwa rahisi kueleweka. Vyuo viwili kutoka nchi mbili viandike andiko moja la mradi, vifanye utafiti pamoja, vifundishe pamoja, na vibadilishane wahadhiri na wanafunzi kwa miaka mitano. Anyitike alimkumbuka Profesa Solveig Brekke wa Norwe, mtafiti wa maporomoko ya ardhi, ambaye waliwahi kukaa meza moja katika kongamano Arusha. Akamwandikia, na mama yule akakubali siku hiyo hiyo.

Waligawana kazi. Sehemu nyingi waliziandika pamoja, ila kifungu cha sita, kilichoitwa Mchango wa Kila Mbia, kila chuo kilijaza chenyewe. Solveig alijaza kurasa mbili: picha za setilaiti, kompyuta za kuzichambua, nafasi za masomo kwa wanafunzi wetu. Anyitike aliketi mbele ya nafasi yake siku tatu. Alitazama maabara yenye darubini mbili, moja yake imefungwa kwa gundi, akaona aibu kuitaja mbele ya setilaiti. Mwishowe akaandika: "Kwa sasa sisi hatuna cha kuchangia zaidi ya shukrani zetu na utayari wa kujifunza." Akaisoma tena, akaona ni sentensi yenye heshima. Solveig hakuigusa, maana nafasi ile haikuwa ya chuo chake kujaza. Andiko likaenda.

Majibu yalikuja mwishoni mwa Aprili. Waliosoma andiko walilisifu mwanzo hadi kifungu cha tano. Kisha waliandika kwamba kifungu cha sita kinaonyesha mbia mmoja ana kila kitu na mwingine hana chochote, na huo si ubia, ni msaada. Misaada ina mifuko yake. Waliwapa siku kumi kurekebisha, la sivyo andiko liwekwe kando.

Anyitike hakuona cha kurekebisha. Mtu asiye na kitu atarekebishaje kutokuwa nacho? Alikunja barua, akaenda maabara kumwambia Bi Sekela Mwalwimba aanze kupanga vifaa kwenye masanduku.

Huyu Bi Sekela ndiye yule fundi sanifu. Alikuwa na umri wa kumzidi mkuu wake miaka minane, na ulimi wa kumzidi mara mbili. Anyitike alimkuta ananyoosha mkanda wa kupimia, maana ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa Bi Sekela hupanda mlimani. Mama huyo alisikiliza habari yote. Hakuuliza juu ya masanduku. Aliomba asomewe ile sentensi, na aliposomewa akaomba asomewe tena.

"Umewaandikia kwamba hatuna," alisema.

"Nimeandika ukweli, Bi Sekela. Tuna nini?"

"Mimi Ijumaa huwa naenda wapi, Dokta?"

Anyitike alijua, ila hakuwahi kuifikiria kama kitu. Miaka kumi na tisa nyuma, nyumba ya jirani yake Bi Sekela ilipopasuka ukuta, mama huyu alipigilia vigingi viwili vya chuma, kimoja kila upande wa ufa uliopita uani, akapima umbali kati yavyo. Wiki iliyofuata akapima tena. Majirani wakaomba na kwao. Hakuna mkubwa aliyemtuma. Kufikia mwaka ule kaya themanini na tatu za mlimani zilikuwa na vigingi, na kila kaya ilikuwa na mama mmoja anayepima na kuandika kwa mkaa nyuma ya mlango wa jikoni. Kila Ijumaa Bi Sekela alipita katika baadhi ya nyumba akinakili kwenye daftari. Madaftari yalijaa kabati zima, lile ambalo Anyitike alikuwa akiliegemea wakati huo.

"Ni vigingi na mkaa," alisema taratibu. "Nitaviandikaje mbele ya setilaiti? Watatucheka."

Bi Sekela aliuweka mkanda mezani.

"Nisikilize. Hata mimi mgeni akija kwangu namwambia sina kitu. Lakini namwambia hivyo moto ukiwa unawaka na kitoweo kiko jikoni. Anasikia harufu, anajua namtania. Sasa hao uliowaandikia, kwenye hiyo karatasi yako wamesikia harufu gani?"

Anyitike aligeuka, akafungua kabati na kuanza kuyatoa madaftari moja moja. Mengine yalinuka moshi. Kila ukurasa ulikuwa na jina la mama, tarehe na kipimo, masika na kiangazi. Aliliona lile daftari la mwaka wa mvua kubwa, jinsi vipimo vya upande wa mashariki vilivyoanza kuongezeka wiki tano kabla ya poromoko kuikata barabara, na machozi yakamlenga. Alimwambia Bi Sekela kwamba ameona haya. Bi Sekela akamjibu kwamba haya haiandiki andiko, apige simu.

Alimpigia Solveig akiwa pale pale. Alimweleza juu ya vigingi kwa sauti ya kuomba radhi. Kisha mama yule akauliza ni vingapi. Mia moja sitini na sita, akajibiwa. Kwa miaka mingapi? Kumi na tisa. Solveig akamwambia kwa upole uliochanganyika na ghadhabu kwamba picha za setilaiti humwonyesha mlima umebadilika, lakini hazimwambii kama ni ardhi iliyosogea au ni miti iliyokua. Anahitaji mtu aliyeugusa. Katika andiko alikuwa ameomba fedha za kupigilia vigingi vipya na kungoja miaka. Akamuuliza kwa nini hakumwambia. Anyitike akasema kwao mtu hajisifu. Solveig alicheka, akasema hata kwao hawajisifu, ila mtu akiulizwa alichonacho hukitaja.

Kazi ikabaki moja. Vigingi vilikuwa mali ya wenye nyumba, na Bi Sekela hakukubali viandikwe kabla wenyewe hawajaulizwa. Jumapili wakapanda, wakakutana na akina mama wapatao sitini kwenye uwanja wa shule. Anyitike alieleza yote, kisha akawauliza kwa heshima kama wangependa chuo kiandike kwamba wao nao ni wachangiaji. Akina mama walitazamana. Mkubwa wao, Bibi Ndimbumi, akainuka na kujishika kiuno.

"Mwanetu, sisi tutachangia nini? Sisi hatuna kitu."

Anyitike na Bi Sekela walitazamana, wakashindwa kujizuia. Walicheka mpaka uwanja mzima ukacheka bila kujua sababu. Walipoelezwa, Bibi Ndimbumi alifikiri kidogo, akaketi, akainuka tena. Akasema kama ni hivyo basi wanacho, na kwa kuwa wanacho wana sharti. Siku vipimo vikionyesha hatari, wa kwanza kuambiwa wawe wao wanaolala mlimani, na maprofesa wafuate baadaye. Sharti hilo liliandikwa neno kwa neno.

Kifungu cha sita kilimchukua Anyitike siku nne. Mkono ulikataa. Kila alipoandika "tunavyo," aliongeza "vichache," Bi Sekela akakata. Alipoandika "vya kawaida," akakata tena. Mwisho kikawa kurasa tatu, moja zaidi ya zile za Norwe. Walibadili na mpango wa ufundishaji: muhula wa kwanza wa kozi ya pamoja ungefanyika huku, wanafunzi wa ng'ambo waanze kwa kupima ufa kwa mkono nyuma ya jiko la mtu, ndipo wote wakasome setilaiti kule. Solveig ndiye aliyependekeza hivyo, na Bi Sekela akawekwa kwenye orodha ya walimu.

Jibu la mfuko liliingia Juni, siku mbili kabla ya Seneti. Walikubali. Ila walitaka chuo kithibitishe kwa maandishi kwamba idara hiyo itakuwapo miaka yote mitano, na uthibitisho huo ulikuwa mikononi mwa kikao kile kile kilichoitwa kuivunja.

Siku ya kikao Anyitike alikuja na Bi Sekela, aliyepewa kiti nyuma karibu na mlango kwa kuwa mafundi sanifu si wajumbe. Barua ikasomwa. Baadhi ya wajumbe walinong'ona kwamba ufadhili huisha, na ukiisha idara itabaki mzigo. Profesa Kasebele aliwaacha wamalize. Kisha akamgeukia Anyitike.

"Dokta Mwaisumo, tuweke fedha za watu pembeni. Idara yako yenyewe ina nini hata chuo kiiwekee ahadi ya miaka mitano?"

Anyitike alisimama. Miaka hamsini ya malezi ikamtangulia mdomoni. "Kwa kweli, Makamu Mkuu, sisi..." akaanza, na wote waliomfahamu walijua sentensi ile inaelekea wapi. Akanyamaza. Kisha akaanza upya.

"Sisi tuna mlima," alisema. "Tuna vigingi mia moja sitini na sita ndani yake, na vipimo vya miaka kumi na tisa ambavyo havipo mahali pengine popote. Tuna akina mama themanini na watatu wanaojua kuvipima. Tuna Bi Sekela, yule pale mlangoni. Tuna wanafunzi tisa, na nilipokuwa mdogo nilizika majirani kwa sababu hapakuwa na hata mmoja wa kuutazama mlima huo. Hivyo ndivyo tulivyonavyo. Ni vingi."

Akaketi. Profesa Kasebele aliuliza kama kuna mjumbe anayepinga, akangoja, akamwagiza mwandishi wa kikao aandike kwamba idara itabaki. Anyitike aliinamisha kichwa ili wasimwone anavyolia, lakini walimwona.

Makamu Mkuu akafungua ukurasa mpya. Alisema mfuko huo utatangaza tena mwakani, na safari hii angependa kila idara itafute mbia. Akaanza upande wake wa kulia, kwa mkuu wa Idara ya Lugha, mzee mtaratibu ambaye kwa miaka mingi alikuwa amerekodi nyimbo za mavuno za wilaya nzima. Akamuuliza idara yake ina nini. Mzee alikohoa, akatabasamu kwa unyenyekevu.

"Ah, Profesa, sisi wa Lugha hatuna kitu."

Na kutoka nyuma, karibu na mlango, mahali ambapo hapakuwa na mjumbe, ikasikika sauti ya Bi Sekela, wala hakuipaza:

"Asemaye sina hapati mbia."