Kinu cha Zena

"Asiyeitika ngoma huitika kinu." Ndivyo shangazi yenu alivyomwambia yule jirani aliyekuwa akimfokea mwanawe kwa kutoitika, nanyi mkacheka kama mnaojua. Haya, kaeni, acheni kunong'onezana. Hii nikiisimulia moyo hunienda mbio hadi leo, maana methali hii ilizaliwa hapa hapa Rufiji, nami nilikuwepo.

Zena, mke wa Mtoro, alikuwa na binti wa miaka mitano, Mwajabu. Ukimwita, haitiki. Ukimtazama, anaangalia pembeni. Kutwa alipanga magunzi ya mahindi kando ya ukuta, na ukigusa moja atalia hadi ulirudishe. Kelele zikizidi huziba masikio. Siku hizi wanaita usonji. Sisi hatukuwa na jina, ila maneno tele: ana shetani, kadekezwa, achapwe. Zena hakumchapa. Yeye alijua kwamba akitwanga mpunga, Mwajabu huja mwenyewe, huweka kiganja ubavuni mwa kinu, hucheka.

Basi msimu wa kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga, sote tuko shambani, Mwajabu akatoweka. Desturi yetu, mtu akipotea hupigwa ngoma ili aifuate sauti. Mzee Mkumba, mpiga ngoma wetu, akaining'iniza ngoma kubwa shingoni, watu wakashika madebe, tukaingia kwenye mpunga. Jamani, kelele zile! Jua linashuka, na mbele yetu kuna mto wenye mamba. Tukaona nyayo ndogo kwenye tope. Kadiri tulivyopiga, ndivyo zilivyozidi kuelekea mtoni.

Zena akaziinamia, akaelewa. Alimrukia Mzee Mkumba, akaikumbatia ngoma kwa mikono yote miwili.

"Baba, nyamaza. Unamfukuza mwanangu."

"Ngoma ya mpotevu haikatizwi," mzee akasema kwa hasira. "Ikinyamaza, mtoto atafuata nini?"

"Atanifuata mimi. Ukitaka kupiga, nipige mimi kwanza. Nipeni kinu."

Watu wakanung'unika kwamba uchungu umempanda kichwani. Lakini mzee akashusha mikono. Wanawake wawili wakakimbilia dungu, kile kibanda cha juu tunamokaa kufukuza ndege, wakarudi na kinu, mchi na mpunga kidogo. Zena akatwanga taratibu, kama yuko jikoni kwake, huku machozi yakimdondokea kwenye mpunga. Sote kimya. Anatwanga, hakuna kitu. Anatwanga. Mara matete ya ukingoni yakatikisika, akatoka Mwajabu, tope hadi kiunoni, mikono masikioni. Akasimama. Akashusha mkono mmoja, kisha wa pili, akapita katikati yetu bila kumtazama mtu, akaweka kiganja kwenye kinu, akacheka.

Furaha ilitupasua vifua, lakini hakuna aliyethubutu kupiga kigelegele. Tulikumbatiana tukilia kimya kimya. Mzee Mkumba akachuchumaa mbali kidogo, asimguse.

"Kumbe ulikuwa unasikia, mama," akamwambia. "Sisi ndio hatukujua kukuita."

Tangu siku ile, kabla ya ngoma yoyote mzee alituma kwanza habari kwa Zena, ili amtoe mtoto mapema. Na kila aliyefika kwao aligonga kinu polepole kabla ya kupiga hodi, na Mwajabu akatoka kumpokea.

Sasa nendeni kwa jirani mkacheze na yule mtoto wake. Akiwa haitiki, msiongeze sauti. Asiyeitika ngoma huitika kinu.