Korongo Aliyeondoka Kabla ya Ila

Hadithi iko mlangoni.

— Ifungulieni.

Imetoka mbali, miguu vumbi tupu.

— Ipeni kiti.

Imekuja na mzigo kichwani.

— Itueni, tuone.

Haya, inatua. Lakini leo nawapa kazi, maana na kitambi hiki siwezi kuhangaika peke yangu. Kila mtakaponisikia nikisema "nzuri" au "hajambo", niulizeni kwa pamoja: Ila? Tujaribu. Habari zangu nzuri.

— Ila?

Hiyo ila yangu tutaikuta mwishoni. Mmeshaelewa kazi.

Hapo kale, kale ambayo hata mimi sikuwepo ingawa watoto wangu hawaamini, palikuwa na ziwa. Kando ya ziwa alisimama Mama Korongo, kwa mguu mmoja. Msiseme ndivyo korongo wanavyosimama. Huyu alisimama kwa mguu mmoja kwa sababu wa pili ulivimba goti, haukugusa chini, na korongo asiyeweza kupiga mbio hatua tatu hawezi kuruka.

Mbele yake, majini, alilala Mamba. Mamba mwenye adabu. Kila asubuhi alifungua jicho moja akasema, "Mama Korongo, habari za mguu?"

"Nzuri."

— Ila?

Ndivyo Mamba naye alivyouliza, "Ila?" Mama Korongo akanyamaza. Na kila mwezi ulipoandama, Mamba alisogea hatua moja. Wakati huo zilikuwa zimebaki hatua tisa.

Mama Korongo alikuwa na mwana, jina lake Mapito. Msimu wa safari ulipofika akamwambia, "Mwanangu, mkirudi mtapumzika Ungamani, mji mkongwe ule. Mimi nilianguliwa huko, juu ya dari. Nikavunjika mguu kabla sijajua kuruka, na Bi Mize, muunga mifupa, akauunga. Nyumba yake ina mlango wenye samaki wa kuchonga, karibu na kisima. Mwambie kifaranga wake wa darini ameumwa tena. Akupe dawa. Ukikosa mwaka huu, mwaka ujao usinitafute."

Mapito akasema, "Mama, hilo limekwisha. Mimi mji naumaliza wenzangu wakiwa bado wanakunja mbawa."

Nami, jamani, nilikuwa hivyohivyo. Nimepita miji mingi, na mingine ilinipita mimi. Kuna mmoja niliuzunguka mbio tangu asubuhi na karatasi ya mahali ishirini, jioni nikaulizwa nimeona nini, nikasema: migongo ya watu. Kwa hiyo nikimcheka Mapito, jueni najicheka.

Korongo wakaenda, wakala nzige wa mbali, wakageuka kurudi. Miezi saba ikaandama. Adhuhuri moja wakatua Ungamani.

Kiongozi wao aliitwa Bi Shingo. Akasema, "Tunaruka alasiri. Nitaita mara tatu kutoka juu ya mnara. Nikiita mara ya kwanza, mezeni. Mara ya pili, nyoosheni mbawa. Mara ya tatu, sisi hatupo. Anayeruka peke yake tai wanamjua."

Mapito akahesabu. Miezi saba, hatua saba. Mamba amebakiza mbili, na kufika nyumbani ni mwezi mzima. Akajisemea, "Dawa kwanza, mji baadaye. Vyote vitatosha. Salamu ndizo zinazokula muda, nitazikata."

Akaenda kisimani, akamkuta Punda wa maji.

"Punda, Bi Mize muunga mifupa hajambo?"

"Hajambo."

— Ila?

Ninyi mmeuliza. Mapito hakuuliza. Punda alipofungua mdomo mara ya pili, alimeza vumbi la mbawa.

Mapito akauona mlango wa samaki. Hodi. Hodi. Hodi. Mlango kimya. Na kwao, kama kwetu, hodi tatu zikikosa mwitiko, unaondoka. Akasema, "Ametoka. Nisipoteze muda, ngoja nione mji."

Akaona milango ya misumari ya shaba, akaihesabu arobaini. Akaona misikiti sita, wa saba akaupita mbio. Katika mbio hizo akamkuta Paka amelala barazani.

"Paka, nimebisha kwa Bi Mize. Habari zake?"

"Nzuri."

— Ila?

Ahsanteni. Paka naye alikuwa anataka kusema hivyo, lakini paka hasemi kabla hajajinyoosha. Akanyoosha mguu wa mbele, akanyoosha wa nyuma, akafungua macho, hakuna mtu.

Juu ya mnara Bi Shingo akaita mara ya kwanza. Mapito akarudi mbio mlango wa samaki. Hodi. Hodi. Hodi. Mlango kimya.

Akakimbilia kwa mpika halua. Pale ukutani alikaa Kunguru, anayejua habari za kila jikoni.

"Kunguru, Bi Mize amesafiri?"

"Hajasafiri. Yupo, hajambo."

— Ila?

Kunguru akasema "Ila" yenyewe, akaisema yote, herufi tatu. Lakini Mapito alikuwa keshakata kona.

Bi Shingo akaita mara ya pili. Mapito akafika mlango wa samaki anahema. Hodi. Hodi. Hodi. Mlango kimya.

Sasa mbio zikamwisha. Akamwona Mamba machoni pake, hatua moja mbele ya mama yake. Akaketi kwenye baraza ya mlango ule. Tangu atue, hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kukaa.

Na ukikaa barazani Ungamani, wewe ni mgeni wa mtaa. Hapohapo akatokea muuza kahawa, mzee mmoja aitwaye Shebwana, anagonganisha vikombe mkononi.

"Karibu kahawa, mgeni."

"Mzee, nina haraka."

"Naiona. Imekutoa jasho mpaka manyoya yamelala. Lakini umekaa, na aliyekaa hapa hanyimwi kahawa. Kikombe hiki mdomo wako hautaingia. Chukua iliyobaki humu ndani ya dele, imeshapoa."

Akafunua dele lake, birika la shaba. Mapito, ili amalize aondoke, akatumbukiza mdomo wote mpaka machoni. Mdomo ukanasa.

Haya. Mtu mwenye maneno mengi, mdomo ndani ya birika. Nilishawahi kutamani hivyo kwa shemeji yangu.

Mzee Shebwana hakushtuka. Akaketi, akalishika dele, akaanza kulizungusha taratibu, huku akiamkia kama ada.

"Habari za safari? Naona nzuri, mbawa zote mbili unazo. Umemjia Bi Mize, nimekusikia ukibisha. Bi Mize hajambo."

— Ila?

Safari hii Mapito hakuwa na pa kwenda. Akasikia.

"Ila alihama nyumba hii tangu masika. Magoti yamechoka na ngazi. Hili sasa ni ghala la karafuu. Bi Mize yuko kwa mwanawe, mlango ule wa kijani mbele yako."

Dele likatoka, po. Mapito akatazama. Kichochoro kilikuwa chembamba, angetema kahawa ingeufikia mlango. Na kizingitini, juu ya mkeka, alikaa bibi kizee anasuka ukili wa mkeka.

"Nilikuwa nakusikia, mwanangu," Bi Mize akasema. "Mara tatu umewabishia hodi karafuu. Nikasema, huyu ana mambo yake na karafuu, si adabu kuingilia."

Mapito akavuka kwa hatua mbili. "Shikamoo, bibi. Mama yangu anaumwa mguu, naomba dawa, wenzangu wanaruka."

"Marahaba. Kaa." Akasogeza mkeka. "Habari za huko utokako?"

Mapito, kwa mazoea, akajibu, "Nzuri."

— Ila?

Ndivyo Bi Mize alivyouliza. "Ila?" Akaacha kusuka, akamtazama, akangoja.

Mapito akamwaga yote. Ila mama hawezi kukanyaga. Ila Mamba anamwamkia kila asubuhi. Ila zimebaki hatua mbili, na njiani itakwenda moja.

"Mama yako ni nani?"

"Kifaranga wako wa darini."

Bi Mize akacheka, kisha akaacha kucheka. "Yule? Ni mguu uleule niliouunga?"

"Uleule."

"Unauma kwenye mfupa, au kama kitu kinachobana?"

"Anasema kinabana. Kila mwaka kinazidi."

"Basi hana haja ya dawa. Ungeniomba dawa ukaondoka, ningekupa mafuta, na mafuta yasingefaa kitu. Nisikilize. Mguu wake niliufunga uzi wa katani. Siku alipoweza kusimama nikamwambia, 'Mguu umepona.' Akafurahi, akaruka. Nilikuwa sijasema, 'Ila usiondoke, nikufungue uzi.' Uzi uko mguuni mpaka leo. Yeye amekua, uzi haujakua."

Mapito akatazama chini. Kumbe haraka ile hakuianza yeye. Alirithi.

Pale Bi Shingo akaita mara ya tatu. Sauti ikashuka kwenye kichochoro, na juu ya mapaa mbawa zikapiga kama mikeka inayokung'utwa. Mbawa za Mapito zikafunguka zenyewe. Akazifunga. Akakaa.

"Bibi," akasema, "ila?"

Bi Mize akamshika mdomo, akampimia kwa kidole kiasi cha ncha ya kukatia. "Ila usikate mahali penye uvimbe, utachoma nyama. Juu ya goti, upande wa ndani, kuna gamba moja limeinuka. Chini yake kuna fundo. Kata fundo, vuta taratibu."

"Ila?"

"Ila akanyage siku hiyohiyo, asingoje kesho."

"Ila?"

"Ila umsalimu. Mwambie dari lipo, nawe mwakani njoo, mkeka huu ni wa mjukuu wangu anayeolewa. Sasa ruka, utanikosesha ukili wangu."

Mapito akaruka. Huko angani Bi Shingo alikuwa amekwisha kuelekea kusini. Akauliza kama alivyouliza kila safari, "Wote wapo?"

Wakajibu, "Wote wapo, hawajambo."

— Ila?

Bi Shingo naye hakuwa mgeni wa maneno. "Ila?"

"Ila Mapito."

"Mzunguko mmoja," Bi Shingo akasema. "Wa pili sizunguki." Wakazunguka mnara mara moja, na mduara ulipokaribia kufunga, Mapito akaingia mkiani, mdomo unanuka kahawa.

Njiani wenzake wakajisifu. Huyu kaona hiki, yule kaona kile. Wakamtania, "Nawe, bingwa wa kumaliza miji, umeona nini?"

"Nimeona baraza moja," akasema. "Mzee Shebwana hutia tangawizi. Bi Mize anasuka mkeka wa mjukuu anayeolewa. Mwakani nimealikwa."

Katika wote, hakuna mwingine aliyealikwa.

Mwezi ukaandama, wakafika ziwani. Mamba alikuwa hatua moja. Mapito akatua, na kabla hajapumua akainua gamba, akaliona fundo, akakata, akavuta taratibu. Uzi ukatoka, mweusi, mrefu kama shingo yake. Mama Korongo akakanyaga. Akalia kidogo, akakanyaga tena.

Mamba akafungua jicho moja. "Mama Korongo, habari za mguu?"

"Nzuri."

— Ila?

"Ila?" Mamba akauliza, na safari hii akafungua na mdomo.

Mama Korongo, siku zote hizo, hakuwahi kuijibu ila hiyo. Siku hiyo alijibu. Akapiga hatua moja, mbili, tatu, na ya nne ilikuwa hewani.

"Ila leo," akasema kutoka juu, "kula samaki."

Basi, jamani, mkipita mji mkongwe na muda wenu ni kiganja tu, msiukimbilie wote. Kaeni mahali pamoja, muwaamkie watu mpaka salamu ziishe, na mkiambiwa nzuri, ngojeni kidogo. Mji wote uko nyuma ya lile neno linalofuata. Mimi nimelijua hilo nina mvi, baada ya kuhesabu milango ya watu katika nchi kumi na moja bila kualikwa hata ndani ya mmoja.

Hadithi imenyanyuka.

— Ivalisheni viatu.

Imeaga.

— Isindikizeni hadi kona.

Na mimi msimulizi habari zangu nzuri.

— Ila?

Ila nimesema tangu jua linazama, na hakuna hata mmoja wenu aliyenimiminia kahawa.