Mbwa Aliyengoja Neno

Sogeeni mnisikilize, na mwenye usingizi akalale kwao.

Hapo kale palikuwa na mjane, Nyamvula, na mbwa wake Tabu, aliyezeeka hata miguu ya nyuma ikafa ganzi. Nyamvula akamfunga mgongoni kwa mbeleko, kama mtoto, akaenda naye kwa zimwi la kisimani kumtafutia dawa.

Njiani wanawake wakamcheka. "Shoga, umezaa mwenye mkia?"

"Afadhali huyu kuliko mumeo," akajibu, akapita zake.

Zimwi likateka maji kwa kifuu cha nazi. "Akinywa mwenyewe, atakimbia. Lakini ukitoa sauti kabla hajanywa, maji yatageuka mchanga."

Nyamvula akamwekea kifuu puani. Tabu hakunywa. Akamwonyesha kwa kidole; hakunywa. Akamwinamisha kichwa taratibu, hakunywa. Ulimi ulimning'inia kwa kiu, naye kakodoa macho kwenye mdomo wa Nyamvula.

Hapo ndipo mjane alipoelewa, na moyo ukampasuka. Tangu Tabu ni kitoto alimfunza, kwa fimbo, asiguse chakula wala maji mpaka aambiwe. Na mbwa yule hajawahi kukosea.

Wakangojana, jua likawawakia, Tabu akaanza kutetemeka. Mwishowe Nyamvula akashindwa kumtazama.

"Haya, baba," akamwambia. "Kunywa."

Tabu akatikisa mkia kwa furaha, akainama, akalamba mchanga.

Basi, nimemaliza. Anayelia ajifute kamasi, mimi sina kitambaa.