Matanga ya Shangazi Mize

"Nina ngano, jamani!"
"Itoe tuione!"
"Imekonda!"
"Hivyo hivyo tutaila!"

Basi, palikuwa na mji wa wanyama, na katikati ya mji palibaki kichaka kimoja tu cha kupumulia. Kwingine kote yalikuwa matanuri ya Kiboko. Kiboko alichimba udongo, akafyatua matofali, akayachoma kwa kuni, na moshi ukaingia nyumba kwa nyumba, puu, puu, puu.

Bi Kindi alikuwa na binti mmoja, Sikitu, mgonjwa wa kifua. Nyumbani mtoto alipumua hwii-koh, hwii-koh, mpaka midomo ikabadilika rangi. Lakini akilazwa kichakani, chini ya mti wa mkungu, kifua kilinyamaza. Bi Kindi alikuwa akitega sikio kifuani pale, asikie kimya, ndipo naye apumue.

Siku moja Kiboko akaja, gudu, gudu, gudu, shoka begani.

"Bwana Kiboko, kulikoni?"

"Kuni zimeniishia. Kesho nakata hivi vijiti vyenu, na hapa najenga tanuri jingine."

"Na mwanangu apumulie wapi?"

"Hewa si iko kila mahali? Mwambie avute kwa nguvu!" Akacheka, ho ho ho, akaenda zake.

Bi Kindi akawaza. Nguvu hana, meno ya kumtisha Kiboko hana. Lakini alijua jambo moja: katika mji ule hakuna aliyethubutu kumwondoa mfiwa mkekani. Hata mwizi akipita penye matanga, alivua kofia akaketi.

Asubuhi Kiboko akakuta mikeka imetandikwa kichaka kizima. Akina mama wamejitanda kanga, na Bi Kindi yuko katikati yao analia: "Uuuwi! Shangazi Mize! Umekwenda kufia ugenini, umetuachia nani?"

Shangazi Mize hakuwapo. Hakuwahi kuwapo. Bi Kindi alimzua asubuhi ileile, akijifunga kanga.

Kiboko akaficha shoka mgongoni. "Poleni, wafiwa."

"Tumeshapoa."

"Marehemu nilimjua?"

"Hata kama hukumjua, yeye alikujua! Kila siku alisema, 'Kiboko ni muungwana. Msiba wangu mimi, Kiboko hawezi kuuvuruga.'"

Wote wakamgeukia. Kiboko akavimba kwa sifa, akapiga kifua, du! "Nyote mashahidi! Sigusi hata jani hapa mpaka matanga yaanuliwe!"

Bi Kindi akauzamisha uso ndani ya kanga, mabega yakamtikisika. Watu wakadhani analia.

Tangu siku hiyo matanga hayakuanuliwa.

"Mmeanua?" anauliza Kiboko.
"Bado, binamu hajafika."
"Mmeanua?"
"Binamu kafika, mkwe hajafika."
"Mmeanua?"
"Mkwe kafika, kasahau rambirambi, karudi kuzifuata."

Kiboko akarudi kwake, gudu, gudu, gudu. Matanuri yake yakakosa kuni, yakapoa moja baada ya jingine. Moshi ukapungua. Sikitu akaamka akataka uji, kisha akataka kucheza.

Lakini matanga hayakai bila sufuria jikoni. Fisi alikuja kumlilia Shangazi Mize, akasema walicheza naye utotoni. Nguruwe akaja na wanawe. Kima wakaja ukoo mzima, wakalia kidogo, wakala sana. Na Ngiri, mpishi wa msiba, akaita:

"Bi mfiwa, kuni!"

Bi Kindi akatoa tawi kavu.

"Bi mfiwa, wageni wameongezeka!"

Akatoa mti. "Mmoja tu," alijiambia, "mingine ipo." Ngo, ngo, ngo.

"Bi mfiwa, ubwabwa haujaiva!"

Ngo, ngo, ngo. Alitamani kuwafukuza wote. Lakini wakiondoka, matanga yameanuliwa. Wasipokula, wataondoka. Kwa hiyo akatoa mti mwingine, na mwingine, na moshi wa jikoni ukatanda, puu, puu, puu. Sikitu akaanza tena: hwii-koh.

Mwisho ukabaki mkungu peke yake.

"Bi mfiwa, kuni!"

"Huo hapana, Ngiri. Mwanangu analala hapo."

"Basi tuanue, twende makwetu?"

Bi Kindi akatazama njiani. Kiboko alikuwa amesimama pale na shoka lake. Bi Kindi akamnyanyua Sikitu, akamsogeza juani.

Ngo, ngo, ngo.

Kiboko akaingia polepole. Akatazama visiki, akatazama majivu, akalitupa shoka lake.

"Bwana Kiboko," Bi Kindi akamwambia, "matanga hayajaanuliwa! Uliapa hutagusa jani!"

"Na kiapo changu kipo palepale, Bi Kindi. Nionyeshe jani." Akashika jembe. "Ahsante kwa kunisafishia kiwanja. Kuni nitaagiza mbali." Akaanza kuchimba.

Hwii-koh, hwii-koh. Bi Kindi akamkumbatia mwanawe, akapiga ukelele ambao haukuwa na jina la shangazi yeyote.

Fisi akalamba vidole, akamnong'oneza Ngiri: "Leo ndiyo kalia vizuri."

Ngano yangu imetua hapo; asiyeridhika nayo aiokote, aitengeneze.

Nayo yatufundisha nini, wanangu? Yatufundisha kwamba penye msiba wenye chakula, usiulize aliyekufa ni nani. Tena, ukiona hewa inapungua mjini kwenu, usisumbue watu. Pumua kidogo kidogo.